Mavi ya Mbuzi Katika Mtihani wa Kemia

Siku nilipokabidhi funguo za maabara, dada aliyezipokea aliniomba nimwandikie ukurasa mmoja wa makabidhiano: kemikali ipi iko kabati lipi, bureti zipi zinavuja, na bomba lipi lisifunguliwe kwa hasira. Ukurasa huo nilimpa siku hiyohiyo. Huu mwingine hakuniomba. Lakini nimestaafu, sina anayenigongea kengele, na naona nyinyi mliobaki kwenye kazi hii mnaosha vyombo vya watu wenye akili nyingi bila kujua watu hao walikosea mara ngapi. Mimi nimesimama mlangoni nikiyasikiliza makosa yao yakifundishwa, moja baada ya jingine, kila moja kwa ujasiri uleule, kwa miaka yangu yote ya kazi.

Vyeo na mishahara siviandiki. Havikuniachia hadithi.

Nilianzia Handeni, kwenye sekondari ambayo maabara yake niliikuta imejaa magunia ya mahindi ya jikoni. Siku ya kwanza nilivaa sketi mpya niliyoshonewa kwa ajili ya ajira, nikapiga hodi, na katikati ya magunia akatokea mzee mfupi mwenye koti lililowahi kuwa jeupe. Huyo alikuwa Mzee Mhina, mhudumu wa maabara niliyekuja kuwa msaidizi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kujifunza kazi au kununua mahindi?"

"Kujifunza kazi, mzee."

"Basi shika upande huo wa gunia."

Ndivyo nilivyoingia kwenye sayansi, kwa kubeba gunia. Tulipomaliza kuyahamisha nilikuta meza, na juu ya meza nikakuta panya, na panya alikuwa ameshatafuna lebo za chupa kumi na moja. Mzee Mhina alizimwaga zote shimoni, hata ile aliyokuwa na hakika kabisa kwamba ni siki. Alisema chupa isiyo na jina ni adui, na adui hapewi nafasi ya kujieleza. Alinifundisha kumimina asidi kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi. Alinifundisha kutopeleka pua kwenye chupa, bali kuivuta harufu kwa kiganja polepole, kama unavyomwita kuku ambaye huna hakika kama ni wako. Na alishikilia kwamba chombo kilichooshwa na mtu mwingine hakijaoshwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha atomu pia, ingawa shule yake iliishia darasa la nane. Alivunja kipande cha chaki katikati, nusu akaivunja tena, na tena, hadi ikawa unga kidoleni.

"Endelea kukata kwa mawazo," akasema. "Utafika mahali hapakatiki. Hapo ndipo penye atomu."

Wazo hilo, akaniambia, lilianzia kwa babu mmoja wa Kigiriki ambaye hakupima chochote, alikaa tu akafikiri. Zamani za zamani zikapita, akaja mwalimu wa shule huko Uingereza akasema kila kitu asilia kina chembe zake, na kila chembe ina uzito wake. Majina yao siyaandiki. Yako vitabuni, na yameshalaza usingizi wanafunzi wa kutosha. Mzee Mhina alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa gololi alizozipaka rangi: nyeusi kaboni, nyekundu oksijeni, nyeupe haidrojeni. Alizigandisha kwa ulimbo wa fenesi zikawa maji, zikawa hewa ukaa, na hakuna mwalimu aliyeweza kueleza vizuri kuliko yale mafenesi. Kwake yeye hadithi iliishia pale. Atomu ni gololi, ngumu, haikatiki, tumeshamaliza, tukaoshe vyombo.

Halafu akaletwa Mwalimu Rehema, dada mchangamfu aliyetoka chuoni na kitabu kipya. Kitabu kilisema atomu inafanana na aina fulani ya keki ya Waingereza yenye zabibu ndani. Mwandishi hakuwahi kufika Handeni. Mwalimu Rehema akaniita pembeni.

"Dada Mwanahawa, unajua kupika mkate wa kumimina?"

"Najua."

"Unaweza kuutia zabibu kavu?"

"Naweza, zikipatikana."

Zilipatikana baada ya siku nne. Nikaupika, nikaupeleka maabara umefunikwa kitambaa, darasa zima likiwa limenyamaza kama msibani. Mwalimu Rehema akaeleza: kuna Mwingereza mwingine alipitisha umeme kwenye neli ya kioo iliyonyonywa hewa, ikatoka miale, na miale hiyo ikavutwa na upande chanya. Maana yake ndani ya atomu kuna vipande vidogo zaidi, vyenye chaji hasi. Hizo ndizo elektroni. Mkate wenyewe ni chaji chanya, zabibu ni elektroni, na jumla yake ni sifuri.

Mzee Mhina alikuwa amesimama mlangoni na kopo lake.

"Kwa hiyo inakatika?" akauliza.

"Inakatika, mzee," Mwalimu Rehema akamjibu kwa adabu.

"Na wewe uliniambia juzi kwamba neno lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni kisichokatika."

"Ndiyo, mzee."

"Basi wabadilishe jina."

Akaondoka. Kipindi hakikufika mwisho, kwa sababu wanafunzi waliila atomu. Mmoja alikula zabibu tano akauliza kama sasa ana chaji hasi. Mwalimu Rehema alicheka hadi akakaa. Mimi niliosha sahani, nikawaza kwamba babu wa Kigiriki, mwalimu wa Uingereza na Mzee Mhina wote walikuwa na hakika, na wote walishindwa na mkate. Mwaka uliofuata Mzee Mhina alistaafu, bado akiamini gololi.

Nilihamishiwa Korogwe nikiwa nimeshakuwa fundi sanifu, na huko nikafanya kazi na Mwalimu Kivugo. Mwalimu Kivugo alikuwa mrefu, suruali imepigwa pasi kama panga, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto Pangani. Alikuwa mwalimu bora wa kemia niliyewahi kumwoshea vyombo. Sisemi hivyo kwa kumwogopa, maana naye amestaafu.

Yeye ndiye aliyewaonyesha wanafunzi jinsi mkate ulivyokufa. Alichukua kipande cha plaiwudi, akakiinua juu ya matofali manne, akaniambia nifiche kitu chini yake bila yeye kujua. Nikaficha gurudumu dogo la chuma lililong'olewa kwenye mashine mbovu ya kuchambua mkonge, ambalo dereva mmoja alituletea kutoka Mazinde. Wanafunzi wakapiga magoti pande zote, wakaviringisha gololi chini ya plaiwudi, wakiandika kila moja imeingilia wapi na imetokea wapi. Nyingi zilipita moja kwa moja. Chache zilipinda. Moja ikarudi ilikotoka, ikampiga Mwalimu Kivugo kwenye kifundo cha mguu, naye badala ya kukasirika akapiga kelele kama aliyefunga bao.

"Hiyo! Hiyo ndiyo iliyowashangaza wanasayansi! Walitupa chembe kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Kama atomu ni mkate, zote zingepita. Kwa nini moja imerudi?"

"Kuna kitu kigumu," darasa likajibu.

"Kikubwa au kidogo?"

"Kidogo!"

"Kidogo sana. Atomu ikiwa uwanja wetu wa mpira, kiini chake ni punje ya ufuta katikati. Uwanja uliobaki ni mtupu."

Mkuu wa shule alipita, akaona kidato cha tatu kizima kiko magotini na gololi, akaomba maelezo ya maandishi kuhusu michezo ya kamari wakati wa vipindi. Niliyaandika mimi. Sijui kama aliyaelewa, lakini hakuuliza tena.

Baada ya punje ya ufuta zikaja reli. Mwalimu Kivugo alifundisha kwamba elektroni hukizunguka kiini kwenye njia maalumu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na haziruhusiwi kukaa katikati ya njia na njia. Hilo lilitoka kwa Mdenmark mmoja. Ushahidi wake niliutengeneza mimi kila mwaka: unachovya waya kwenye asidi, unauchoma kwenye moto wa spiriti mpaka moto usibadilike rangi, kisha unauchovya kwenye chumvi. Chumvi ya mezani inatoa manjano. Shaba inatoa kijani. Haibadiliki, leo wala kesho, kwa sababu elektroni zikishuka kutoka njia moja hadi nyingine hutoa rangi ya umbali huo tu. Mkifanya jaribio hili msikubali mwanafunzi ashike waya kwa vidole. Jasho lina chumvi, na kila kitu kitakuwa manjano, mtadhani mmegundua jambo.

Mwalimu Kivugo alizipenda reli hizo kiasi kwamba alipanda ngazi akachora atomu ya sodiamu kwenye ukuta wa maabara kwa rangi ya mafuta: kiini chekundu, duara tatu za buluu, elektroni kumi na moja za manjano. Mbili, nane, moja. Ilikuwa kubwa kuliko mlango. Mimi ndiye niliyeshika ngazi.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwaka mmoja alikuja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu, akakaa wiki chache, akaondoka akasahau kitabu. Kilikuwa kinene, cha Kiingereza kigumu. Mchana, baada ya kuosha vyombo, nilikaa nacho na kamusi. Nilikuwa nakwenda ukurasa mmoja kwa wiki, na sura niliyoifikia ilisema kwamba reli hazipo. Watu walizitumia miaka michache tu, wakaziona zinashindwa mara atomu inapokuwa na elektroni zaidi ya moja, wakaziacha. Kinachojulikana ni kwamba elektroni ina nafasi kubwa ya kukutwa mahali fulani na nafasi ndogo mahali pengine. Ukiichora, unachora nukta: nyingi hapa, chache pale. Inafanana na vumbi. Nilikiinua kichwa, nikautazama ukuta wa Mwalimu Kivugo, nikafunga kitabu. Halikunihusu.

Lakini palikuwa na msichana wa kidato cha tatu anaitwa Mwajabu, wa Kerenge, anayelala bweni. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na maswali yake yalikuwa kama mwiba wa mkonge: huuoni mpaka umeshaingia. Siku moja alimwuliza Mwalimu Kivugo, "Elektroni ikitoka reli ya pili kwenda ya tatu, katikati inapita wapi?"

"Haipiti. Inaruka."

"Inaruka juu ya nini?"

"Kaa chini."

Jioni ya siku hiyo alikuwa na zamu ya kunisaidia kuosha bika, vile vikombe vya kioo vya maabara. Aliosha tatu kwanza. Ya nne akauliza tena, safari hii mimi. Na mimi, badala ya kumwambia amwulize mwalimu wake, nilijisikia mwenye elimu.

"Kwenu mnafuga mbuzi?"

"Tunao watano."

"Wanafungwa?"

"Hapana, wanalala uani."

"Ukiamka asubuhi, unajua kila mmoja usiku alisimama wapi?"

"Siwezi kujua."

"Ukitazama chini, je?"

Akacheka kabla hajajibu. "Naona mavi yao."

"Yako sawasawa uani kote?"

"Hapana. Mengi yako kwenye ukuta wa jiko, penye joto. Njiani ni machache. Kule kwenye miba hakuna."

"Basi ndiyo elektroni hiyo. Njia yake hatuijui. Tunajua mavi yamerundikana wapi."

Kitabu kilisema zaidi ya hapo, kwamba hata njia yenyewe haipo, lakini mbuzi wangu walikuwa wamefika mwisho wa uwezo wao. Nikamwonyesha ile picha ya nukta. Aliitazama muda mrefu, maji yanadondoka kwenye vidole vyake.

Ukaja mtihani wa muhula. Shuleni kwetu palikuwa na utaratibu kwamba anayeshindwa kemia kidato cha tatu anaondolewa mchepuo wa sayansi. Tulikuwa chumba cha walimu, wakati wa chai ya saa nne, Mwalimu Kivugo akisahihisha, mara akacheka peke yake akagonga meza.

"Jamani, sikilizeni. Swali ni kuchora atomu ya sodiamu. Mtoto kachora hiki." Akainua karatasi. Ilikuwa imejaa nukta za kalamu, nzito katikati, nyepesi pembeni. "Hii ni atomu au upele? Na maelezo yake, kwa Kiingereza kamili: elektroni haina reli. Ni kama mbuzi asiyefungwa. Tunajua alipo kwa wingi wa mavi yake."

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Mwalimu wa jiografia alimwaga chai. Mwalimu Kivugo akaweka sifuri kubwa, ya duara zuri kama moja ya reli zake, akauliza huku akifuta machozi, "Ni nani anayewafundisha watoto upuuzi huu?"

Nilikoroga chai yangu. Haikuwa na sukari.

Swali hilo lilikuwa na alama nyingi, na bila hizo Mwajabu hakufikia alama ya kufaulu. Kesho yake jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaohamia sanaa. Hakulia wala hakulalamika. Aliacha tu kuja maabara, na tulipopishana kwenye veranda aliniamkia vizuri, "Shikamoo, mama," akaendelea na safari yake. Hiyo shikamoo ilinichoma kuliko asidi, na asidi naijua.

Jumamosi nikaenda Kerenge kwa baba yake. Nilijiambia kwamba mzazi ana haki ya kujua. Ukweli ni kwamba nilimwogopa Mwalimu Kivugo, na Kerenge ilikuwa mbali naye. Baba yake Mwajabu, Mzee Saidi, nilimkuta kibarazani anapukuchua mahindi. Alinikaribisha, akanivutia kigoda.

"Karibu, mama mwalimu."

"Mimi si mwalimu, mzee. Ni mtu wa maabara."

"Anayekaa shuleni ni mwalimu. Sema."

Nikamweleza yote, na mbuzi wake pia nikawataja, maana walikuwa pale wanatutazama. Akasikiliza bila kuacha kupukuchua.

"Hiyo atomu," akasema, "wewe umeiona?"

"Sijaiona."

"Mwalimu wake?"

"Naye hajaiona."

"Mwanangu?"

"Hapana, mzee."

"Subhanallah. Watu watatu mnagombania picha ya kitu ambacho hakuna aliyekiona, na aliyepigwa ni mwanangu." Akatupa gunzi. "Alichoandika ni kweli au uongo?"

"Ni kweli. Ila si jibu."

"Nani alimwambia?"

"Mimi."

"Mwalimu anajua kuwa ni wewe?"

"Bado."

Akanitazama mara ya kwanza tangu nikae. "Basi umepotea njia, mama. Ofisi ya mwalimu haiko Kerenge."

Nilirudi na mahindi ya kuchoma aliyonifungia mkewe, na aibu ambayo haikuhitaji kufungwa.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Kivugo aliingia maabara kukagua vifaa. Nilikuwa nimejipanga hotuba ndefu. Iliyotoka ilikuwa fupi.

"Mwalimu, wale mbuzi ni wangu."

"Mbuzi gani?"

"Wa Mwajabu. Wa mtihani. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akaiweka chini bureti aliyokuwa anaikagua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Mama Mwanahawa, kazi yako ni kuosha bika. Kufundisha niachie mimi."

"Sawa, mwalimu. Lakini nilichomfundisha ni kweli au si kweli?"

"Si cha kidato cha tatu."

"Sikuuliza kidato."

Akatoka. Kwa wiki mbili hakunisemesha. Vifaa alivyohitaji aliviandika kwenye kikaratasi, akakiweka mezani chini ya jiwe. Na mimi nilimtafuta Mwajabu, nikampata kwenye veranda ya darasa la sanaa, nikamwambia nimeshasema ukweli, na kwamba nilikosa kwa kunyamaza siku ile.

"Najua ulinyamaza, mama," akasema. "Nilikuwa nimeleta madaftari chumba cha walimu. Nilikuona kupitia dirishani unakoroga chai."

Akarudi darasani.

Wiki ya tatu, wanafunzi wakiwa uwanjani, Mwalimu Kivugo alikuja maabara na daftari kuukuu lililojaladiwa kwa karatasi ya kaki. Akalifungua mbele yangu. Mwandiko wake nilikuwa naujua. Ulikuwa wa chuoni, mdogo na wa haraka, na katikati ya ukurasa palikuwa na mchoro wa nukta, nyingi katikati, chache pembeni, na tiki ya mkufunzi.

"Nilichora mwenyewe," akasema. "Nililijua hili nikiwa kijana. Halafu nikaja hapa, mtaala ukataka reli, nikafundisha reli mwaka baada ya mwaka. Mama, nilisahau. Sikuficha. Nilisahau kabisa kwamba nilijua."

Akakaa kwenye stuli ya wanafunzi, magoti yamefika kifuani. Wiki zote mbili nilikuwa nasubiri siku ya kumshinda, na sasa ushindi ulikuwa kama makande yasiyo na chumvi.

"Mrudishe mtoto," nikasema.

"Nitamrudisha, nitampa mtihani upya, mkuu wa shule ameshakubali. Lakini ufikirie hili na wewe uliyesoma kitabu. Mtihani wa taifa una majibu yake, na majibu yanasema reli. Akichora upele kule, sifuri yake sitaweza kuifuta mimi wala wewe. Nimwambie nini?"

"Mwambie hivyohivyo."

Kesho yake aliliita darasa zima, na Mwajabu akaitwa kutoka sanaa. Mimi nilisimama mlangoni. Mwalimu Kivugo akaenda ukutani, akaweka kiganja juu ya sodiamu yake.

"Hii niliichora mimi," akasema. "Si kweli."

Akaendelea, kwa sauti yake ile ya kuvuka mto, kwamba gololi zilikuwa kosa lakini ziliwafundisha watu kupima. Mkate ulikuwa kosa lakini ulituletea elektroni. Reli ni kosa, lakini zinaeleza rangi ya moto wa chumvi, na zinaeleza kwa nini sodiamu ina ugomvi na maji. Nukta ndizo tulizonazo leo, na waliozichora si malaika. Kisha akageuka.

"Mwajabu. Uliniuliza elektroni inapita wapi. Nilikwambia ukae chini kwa sababu sikuwa na jibu. Simama."

Akasimama.

"Haina njia. Ulikuwa sahihi."

"Kwa hiyo mtihani nichore nini?" Mwajabu akauliza.

"Reli."

"Hata kama si kweli?"

"Hata kama. Wanaosahihisha wanataka kuona kama unaijua hatua hii. Ukishaivuka, hatua ya mbele utaikuta huko."

Uso wake ulionyesha wazi kwamba hilo ndilo jambo baya kuliko yote aliyofundishwa shuleni. Akakaa.

Nitawaambia kwanza Mwajabu alikoishia, ili nimalizie na karatasi yake. Alibaki sayansi, akafaulu kwa kadiri ya kutosha, akasomea maabara ya hospitali. Anatazama vimelea vya malaria kwa hadubini siku nzima. Nilipomwuliza kwa nini hakuendelea na kemia, alisema vimelea angalau ukimwambia mtu vipo, unamsogezea kiti aje aangalie.

Karatasi ni ya ule mtihani wa marudio. Mwalimu Kivugo aliileta maabara, akaiweka juu ya meza kati ya bureti. Mwajabu alikuwa ametumia bikari. Duara tatu, safi, kiini katikati, elektroni kumi na moja, mbili, nane, moja, kila moja na kijivuli chake. Sijawahi kuona sodiamu nzuri kama ile, na ninaihesabu hata ile ya ukutani. Chini yake, katika karatasi nzima ya Kiingereza, palikuwa na maneno mawili ya Kiswahili: *Ndivyo mnavyotaka.*

"Nimpe ngapi?" Mwalimu Kivugo akaniuliza.

Katika miaka yangu yote hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza alama. Nilijifuta mikono kwenye koti, nikaisoma tena kutoka juu.

"Mchoro hauna kosa," nikasema.

"Na haya maneno?"

"Nayo hayana kosa."

Akatoa kalamu nyekundu. Akampa alama zote. Kisha akafikiri kidogo, akainama tena, na pembeni ya yale maneno mawili akaandika *Ni kweli*, akatia saini.